Mkata miti anayelipwa kwa magogo huona kila mti umeoza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo kila mwaka, mvua za masika zikikaribia, hurudi katika mitaa yetu ya Dar es Salaam kwa mlio wa msumeno: ukataji wa miti ya majumbani, na watu tunaowakabidhi kazi hiyo. Mimi ni mwalimu mstaafu. Naishi Sinza, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba yangu kwenye kimojawapo cha viwanja vilivyopimwa miaka ya 1970, na sikusomea misitu. Ninachokiandika hapa nimejifunza kwa hasara, na hasara yenyewe ipo uani mpaka leo, imesimama.

Baba aliupanda mwembe dodo mwaka 1979, kabla hata nyumba haijaezekwa. Kila mwaka maembe yalipokwisha, baina ya Februari na Machi, alikuwa akitoa ngazi na msumeno wa uta, anapanda mwenyewe, anaondoa matawi mawili matatu yasiyozidi unene wa kifundo cha mkono, anashuka na kuosha msumeno wake. Sisi watoto tulidhani ni mazoea ya mzee asiyependa kukaa bure. Alipofariki dunia hakuna aliyeirithi kazi hiyo, na kwa miaka kumi na minne mti ulikua upendavyo, hadi matawi yake yakavuka ukuta wa jirani upande mmoja na kuuinamia waya wa umeme upande wa pili.

Wasomaji watakumbuka mwanzo wa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikawa inatoa tahadhari kila baada ya saa chache, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa. Kimbunga chenyewe kilipungua nguvu kilipofika karibu na kisiwa cha Mafia, lakini hofu haikupungua. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nikisikiliza mwembe unavyolia juu ya bati. Kwa hiyo, siku nne baadaye, kirikuu iliposimama mbele ya geti ikiwa na vijana watano, ngazi na misumeno ya mnyororo, ile ambayo wenyewe huiita chenso, nilikuwa mteja aliyekwisha kushawishika kabla ya kusemeshwa.

Kiongozi wao aliniamkia kwa adabu, akauzunguka mti mara moja, akaligonga shina kwa ubapa wa panga, kisha akatoa hukumu: "Mama, huu umeoza ndani. Upepo mwingine ukija, unalala juu ya nyumba yako." Bei ya kuukata wote ilikuwa shilingi 400,000. Nilipoguna, akashuka haraka kuliko nilivyotarajia: ikiwa nitawaachia magogo wayachukue, wangepunguza matawi yote makubwa kwa shilingi 150,000, na shina lingesubiri mwakani. Nilijiona nimepata. Sikujiuliza kwa nini mti uliooza ndani una magogo yanayostahili punguzo la shilingi 250,000.

Kazi yenyewe sitaisahau. Kijana ambaye hakuzidi miaka ishirini alipanda peku, kiunoni amefunga kamba ya manila, chenso inaning'inia nyuma yake kwa kamba nyingine. Hakuwa na kofia ngumu, hakuwa na miwani, na chini hakuna aliyesimama kuzuia watoto waliokuwa wanatoka shule. Tawi la kwanza alilikata kutoka juu kwenda chini, moja kwa moja. Kabla msumeno haujafika nusu, uzito wa tawi ulilivunja, likaning'inia na kuchuna ganda la shina kwa urefu wa mita nzima, kama mtu anavyomenya ndizi. Tawi la pili liliyumba likaangukia ukuta wa jirani, likabomoa kozi tatu za matofali na kulipasua tangi lake la maji. Adhuhuri ilipoita, mwembe wa baba ulikuwa shina lenye mikono minane iliyokatwa kwenye viwiko, bila jani hata moja isipokuwa kwenye tawi moja la upande wa barabarani ambalo walilikosa kwa sababu mafuta ya msumeno yalikwisha. Watoto wa mtaani wakasema mti umenyolewa kipara. Nilipouliza habari ya ukuta, kiongozi alinijibu kwa upole uleule wa asubuhi kwamba ile ilikuwa bahati mbaya na kwamba kazi ya miti haina dhamana. Wakapakia magogo, wakaondoka. Kujenga ukuta na kununua tangi jipya kulinigharimu zaidi ya mara mbili ya kile nilichodhani nimeokoa.

Lakini kilichoniuma kuliko gharama ni kile nilichokiona nilipopanda ngazi kesho yake. Mbao kwenye mikato yote minane ilikuwa ngumu, safi, ya rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Hapakuwa na shimo la mdudu, wala weusi, wala unga wa mchwa. Mti haukuwa umeoza. Ulianza kuoza siku ile.

Hilo la mwisho nililielewa mwaka uliofuata, jirani mwingine alipomleta shemeji yake, bwana misitu mstaafu aliyesomea Olmotonyi kule Arusha na kufanya kazi mikoani kwa miaka mingi. Mzee yule hakusema neno kwa muda mrefu. Alitoa kisu kidogo mfukoni, akakisukuma katikati ya kimojawapo cha vile visiki vya matawi, kikazama hadi kwenye mpini kama kinavyoingia kwenye papai lililoiva. Kisha akanionyesha kitu ambacho nimekaa nacho miaka yote bila kukiona: chini kidogo, upande wa kaskazini wa shina, palikuwa na mviringo wa ganda laini, umejikunja kuelekea ndani kama mdomo uliofumbwa. "Hapa palikatwa na mtu anayejua," alisema. Palikatwa na baba.

Tofauti ya mikato hiyo miwili ndiyo kiini cha barua hii, kwa hiyo naomba niieleze jinsi nilivyoelezwa. Mti hauponi kidonda kama ngozi ya mtu inavyopona. Sehemu iliyokatwa haitengenezwi upya; mti huizungushia ukuta ndani kwa ndani ili uozo usisambae, na kwa nje huotesha ganda jipya kutoka pembeni hadi lifunike jeraha. Mahali tawi linapotokea shinani pana uvimbe kama pete, na uwezo mkubwa wa kujifunga umo katika pete hiyo. Ukikata nje kidogo ya pete, ukaiacha nzima, kidonda hufunga. Ukikata ndani yake, ukalisawazisha shina liwe laini kama nguzo, umeiondoa ile pete na kidonda hubaki wazi kwa miaka. Na ukikata mbali, ukaacha kisiki cha mkono mzima, kisiki hicho hakina majani ya kukilisha, kwa hiyo hufa, huoza, na uozo hutembea kurudi shinani. Kupaka rangi, lami au mafuta machafu ya gari juu ya mkato, kama wengi wetu tunavyofanya tukiamini tumeweka dawa, hakusaidii. Mara nyingi huhifadhi unyevunyevu chini yake.

Mti ulionyolewa kipara hupoteza karibu jiko lake lote, maana chakula chake hupikwa kwenye majani. Kwa hofu ya njaa hutoa machipukizi mengi mno, marefu, yaliyosimama wima, na mwenye nyumba hufurahi akisema mti umerudi. Machipukizi hayo hayajajengwa kutoka kwenye kiini kama tawi la asili. Yamejishikiza juujuu, kandokando ya kisiki kinachooza. Baada ya miaka michache yanakuwa mazito, na upepo wa kusi ukivuma ndiyo yanayong'oka na kuangukia bati. Kwa maneno mengine, tuliogopa mti usiangushe matawi, tukalipa fedha kutengeneza matawi yanayoanguka.

Nimejiuliza mara nyingi kama vijana wale walikuwa waongo. Sidhani. Nadhani walikuwa wanafanya kile ambacho mapatano yetu yaliwataka wafanye. Mtu anayelipwa kwa magogo ana kila sababu ya kuona uozo pale pasipo na uozo, na hana sababu hata moja ya kukata tawi dogo kama alivyokuwa akikata baba, maana tawi dogo halichomwi mkaa, halipasuliwi mbao, wala haliuziki kwa wachonga mitumbwi ambao wanaijua thamani ya mwembe mnene. Sisi wateja ndio tuliobuni utaratibu huo kwa kupenda punguzo. Linganisha na mkwezi wa minazi. Kwa jadi ya pwani, mkwezi huondoka na fungu lake la nazi au madafu, na kwa sababu hiyo ana hamu ya kuukuta mnazi ukiwa hai na wenye afya miezi mitatu ijayo. Malipo yake yapo kwenye uhai wa mti. Malipo ya mkata magogo yapo kwenye kufa kwake. Watu wawili wanaopanda miti, wote hodari, wote hawaogopi urefu, lakini jicho la kila mmoja linatazama kitu kingine kwa sababu ya namna anavyolipwa.

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza kwa wenye nyumba wenzangu ni hili: ushauri na ukataji tuvitenganishe, na vyote viwili tuvilipe kwa fedha. Anayekuja kukuambia kama mti ni mgonjwa asiwe yule atakayebeba gogo. Wataalamu wapo. Olmotonyi imekuwa ikifundisha mabwana na mabibi misitu tangu enzi za ukoloni, Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro kinatoa wahitimu kila mwaka, na wengi wao wapo mitaani humu wakiwa wamestaafu au wanatafuta ajira. Halmashauri nazo zina maofisa misitu. Yule mzee aliyekuja kwangu aliomba nauli tu. Nilimlazimisha apokee shilingi 30,000, na kwa saa moja aliyokaa chini ya mti wangu alistahili zaidi.

Pendekezo la pili ni kwamba kabla ya msumeno kuwashwa, tumuulize fundi maswali ambayo mtu asiyejua kazi hawezi kuyajibu. Mwulize atakata wapi hasa, akuonyeshe kwa kidole. Mwulize tawi zito atalishushaje. Fundi wa kweli atakuambia kwamba kwanza hukata kwa chini, hatua moja kutoka shinani, asifike katikati. Kisha hukata kwa juu, mbele kidogo ya mkato ule, tawi likaanguka bila kuchuna ganda. Na mwisho huondoa kisiki kilichobaki kwenye ile pete niliyoieleza. Kama tawi lipo juu ya paa au ukuta, atakuambia habari ya kulifunga kamba juu na kulishusha polepole, huku mwenzake ameishika kamba hiyo chini. Mwulize anaondoa kiasi gani cha majani. Akisema zaidi ya robo kwa mara moja, kwa mti mkubwa wenye afya, mwombe akueleze sababu. Na akikwambia kwamba mti wote utakuwa "umepunguzwa kichwa" ili uwe mfupi, mpe chai na umsindikize getini.

Naongeza kwamba si kila kinachotutisha kwenye mti ni hatari. Mti uliokua umeinama tangu mchanga umejijenga kwa kuinama huko. Wa kuogopwa ni ule uliokuwa wima jana na leo umelala upande, au ambao udongo umeinuka na kupasuka upande mmoja wa shina. Tundu nalo si hukumu ya kifo: mibuyu mingi ya pwani hii ina matundu ambayo mtu mzima anaingia, na imesimama kabla ya babu zetu. Lakini uyoga unaoota kwenye kitako cha shina, ufa unaoshuka kutoka kwenye panda ya matawi mawili, au tawi kubwa lililokauka juu ya mahali watu wanapokaa, hayo yanataka mtu aje kutazama wiki hii, si baada ya masika.

Kuhusu umeme sitaandika mengi, kwa sababu hakuna mjadala. Tawi lililogusa au kukaribia waya si kazi ya kijana mwenye panga, hata akiwa hodari vipi, na mti mbichi uliolowa mvua hupitisha umeme. Mwenye nyumba aende ofisi ya TANESCO ya eneo lake aeleze, na laini izimwe kwanza. Mimi sikufanya hivyo. Kwamba yule kijana alishuka salama ni rehema ya Mungu peke yake, na kila nikikumbuka zile nyayo zake kwenye ganda la mti naona aibu, maana ana mama kama mimi.

Hapo ndipo tunapokosea sana sisi wenye nyumba. Tunadhani mtu akiumia uani kwetu ni shauri la aliyemleta. Nchi yetu ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri hutakiwa kujisajili na kuuchangia. Lakini kundi la vibarua lililokusanywa asubuhi kijiweni halina mwajiri anayejulikana, kwa hiyo mtu akianguka, mzigo wote huishia kwake na kwa ndugu zake. Ukikubaliana na kampuni, omba uone usajili wake na uthibitisho kwamba wafanyakazi wake wanachangiwa. Ukikubaliana na vijana wa mtaani, ambao nao wanahitaji kula, andikeni karatasi mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa: matawi yapi yatakatwa, nani atafidia ukuta, vifaa gani vya kujikinga vitavaliwa, takataka zitapelekwa wapi, na malipo yatatolewa lini. Malipo ya awali yapo, hakuna ubaya, lakini fedha iliyobaki itolewe baada ya ua kufagiliwa. Na kama ni kuuangusha mti mzima, pitia ofisi ya halmashauri kwanza uulize kuhusu kibali, hasa ikiwa magogo yatasafirishwa, maana mazao ya misitu hayatembei barabarani bila hati.

Ndugu Mhariri, nikiishia kwenye ukataji nitakuwa nimesema nusu tu, kwa sababu miti mingi ya majumbani haiuawi na msumeno. Inauawa polepole na sisi, kwa nia njema. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti haiendi chini sana kama tunavyofikiri. Ipo kwenye udongo wa juu, haizidi sana kina cha mita moja, na inatambaa mbali kuliko kivuli cha matawi. Sasa tazama ua wa kawaida wa Dar es Salaam ya leo. Pevingi zimepangwa hadi zimeligusa shina, maji ya mvua yote yanakimbilia mtaroni. Kifusi cha ujenzi kimemwagwa kuzunguka mti hadi kiasi cha magoti, na ganda la shina ambalo liliumbwa kukaa hewani linalowa na kuoza chini ya kifusi hicho. Chemba mpya ya maji taka imechimbwa hatua mbili kutoka shinani na mizizi minene ya upande mzima imekatwa kwa sururu. Kwenye shina limepigiliwa bango la mpangaji anayetafutwa, na kwenye kitako chake ndipo majani yanapochomwa kila Jumamosi. Mti huo ukianguka masika ijayo, tutasema ni upepo.

Uangalizi unaotakiwa ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Acha udongo wazi kuzunguka shina, upana wa hatua mbili tatu ukiweza. Majani makavu usiyachome. Yatandaze hapo kwa unene wa kiganja, lakini yasiligande shina lenyewe. Wakati wa kiangazi kirefu, kuanzia Juni, mti mchanga upewe maji mengi mara moja kwa wiki badala ya kikombe kila jioni, ili mizizi ifuate maji chini. Kupogoa kufanywe mti ungali mdogo, wakati kosa linaondolewa kwa kisu, kwa sababu samaki huyu naye hukunjwa angali mbichi: ukiona vichwa viwili vinashindana kwenda juu, chagua kimoja mapema. Mwembe upogolewe mavuno yakishakwisha, kama baba alivyokuwa akifanya. Mvinje usiukate kichwa ukitarajia uchipue kama mwarobaini, maana hauna moyo huo. Na mnazi una kilele kimoja tu cha kukulia. Anayekwangua makuti mabichi ili mti "upendeze" anaunyima chakula, na anayekigusa kilele ameuua. Mnazi uliokufa nao usiachwe ukioza uani miezi na miezi, kwa sababu kwenye magogo yake ndimo mdudu aitwaye chonga anamozaliana kabla hajapanda kutoboa minazi ya majirani.

Niseme neno pia kuhusu wale sisimizi wekundu wa mitini, maji moto. Najua wanavyouma; nimeumwa. Lakini kila msimu nawaona watu wakiwapulizia dawa kwenye miembe na minazi, ilhali hao ndio walinzi wanaowafukuza wadudu wanaofyonza nazi changa na maembe. Tukiwaua, tunarudi dukani mwezi unaofuata kununua dawa ya wale wadudu.

Kwa upande wa mamlaka, ninalo ombi moja. Kila mwaka tunaadhimisha Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, na kila halmashauri imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Miche inapandwa, picha zinapigwa. Lakini mti wa miaka arobaini, unaofunika nyumba tatu kwa kivuli chake na kulaza komba mchana, hauna siku yake, na yeyote mwenye shilingi 150,000 anaweza kuumaliza kabla ya adhuhuri. Fundi anayefunga nyaya ndani ya nyumba yangu hutakiwa awe na leseni ya EWURA. Anayepanda mita kumi na mbili juu ya nyumba hiyohiyo akiwa na msumeno unaonguruma, mimi nilimwuliza bei tu. Ninapendekeza manispaa zetu zianzishe daftari la mafundi wa miti katika kila kata, na kabla ya kuandikwa humo kila mmoja apate mafunzo ya siku chache kwa maofisa misitu wetu: namna ya kukata kwenye pete, namna ya kujifunga kamba, namna ya kushusha tawi. Vijana wenyewe watanufaika, maana atakayejua kupogoa ataitwa kila mwaka kwenye nyumba ileile, na anayejua kuangusha tu ataitwa mara moja. Vifaa vyao visiwe sababu ya kuwafukuza. Kofia, miwani, viatu na mkanda wa kupandia vinaweza kununuliwa na kikundi kwa mkopo unaotoka kwenye asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

Mwembe wetu bado upo. Bwana misitu alishauri tusiuangushe mara moja, bali tuwe na subira ya miaka mitatu: tuondoe visiki vilivyooza kidogo kidogo, katika kila kundi la machipukizi tuchague mawili yaliyoshika vizuri na tuyaache mengine yaondolewe kwa awamu, na tuzing'oe pevingi nilizoziweka mwaka 2016. Zimeng'olewa. Visiki vitatu tayari vimekatwa na kijana wa mtaa wa pili ambaye alikuja na kofia, kamba mbili na maswali, akaniomba radhi kwa kunitoza shilingi 120,000 kwa matawi ambayo yote yaliingia kwenye toroli moja. Msimu uliopita mti ulitoa maembe kumi na moja, yote kwenye lile tawi la upande wa barabarani ambalo chenso haikulifikia. Sita nilimpelekea jirani, ambaye tangi lake jipya amelisogeza hatua nne kutoka ukutani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Sinza, Dar es Salaam.